Kinanda Kinapozeeka: Uimara, Vipuri na Haki za Mlaji katika Bonde la Kilombero



Mavuno ya mpunga yanapokamilika katika Bonde la Kilombero, ndipo kwaya, bendi na vikundi vingi hukamilisha michango yao na kumtuma mtu kununua kinanda. Safari hiyo huishia Ifakara mjini, Morogoro au Kariakoo, Dar es Salaam, na mara nyingi fedha zilizopo hutosha kununua kinanda kilichokwisha kutumika tu. Fedha hizo zimetoka kwa watu wengi, kidogo kidogo, na si rahisi kuchangishwa tena kabla ya msimu mwingine. Kinanda kikinyamaza baada ya miezi michache, hasara huwafikia wote waliochanga, na aliyetumwa kununua hubaki na lawama ambayo pengine hakustahili.

Makala haya yanaeleza sehemu za kinanda zinazochakaa, vipuri vinavyopatikana na visivyopatikana, namna ya kukagua kinanda kabla ya kukinunua, na haki alizo nazo mlaji kisheria. Neno kinanda limetumika kwa maana ya chombo cha muziki cha kielektroniki chenye vibonye, kiwe kibodi yenye spika zake au sinthesaiza inayohitaji amplifaya ya nje.

UMRI PEKEE HAUTOSHI KUKIPIMA KINANDA

Wanunuzi wengi huuliza swali moja: kinanda hiki ni cha mwaka gani? Swali hilo lina maana, lakini halitoshi. Viko vinanda vya zaidi ya miaka thelathini vinavyofanya kazi vizuri, na viko vya miaka mitatu ambavyo haviwezi kutengenezwa tena. Tofauti hutokana na aina ya kipuri kilichoharibika. Vipuri vya kinanda vinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vipuri vya kawaida. Hivi ni fyuzi, adapta, matundu ya kuchomekea waya, spika, swichi za kawaida, betri ndogo ya ndani na kapasita. Vifaa hivi hutumika pia katika redio, televisheni na vifaa vingine, na fundi redio mwenye ujuzi anaweza kuvipata au kupata vinavyolingana navyo.

Kundi la pili ni vipuri vya modeli. Hivi ni vibonye vyenyewe, mipira ya mguso iliyo chini ya vibonye, kioo cha maandishi na nyaya bapa za kuunganisha bodi. Vimetengenezwa kwa umbo la modeli fulani au familia ya modeli. Mtengenezaji akishaacha kuvitoa, chanzo kinachobaki ni kinanda kingine cha modeli hiyo kilichokufa kwa sababu tofauti.

Kundi la tatu ni vipuri vya mtengenezaji peke yake, yaani chipu zinazozalisha sauti na programu iliyohifadhiwa ndani yake. Vinanda vingi vya tangu miaka ya 1980 hutegemea chipu ambazo kampuni ilijitengenezea yenyewe na hazikuuzwa kwa ajili ya kazi nyingine. Chipu ya namna hiyo ikiungua, fundi hawezi kuweka nyingine inayofanana nayo.

Kwa hiyo tathmini ya kinanda cha zamani ianze na maswali mawili: ni sehemu gani inaelekea kuharibika, na je, sehemu hiyo iko katika kundi gani?

Tuchukulie kwamba kwaya ya kijiji kimoja karibu na Mlimba imewekewa mezani vinanda viwili vya bei moja. Cha kwanza kina miaka kumi na minane, modeli yake ilienea sana nchini, na tayari kipo katika makanisa mawili ya jirani. Cha pili kina miaka minne, kinang'aa, lakini jina lake halijulikani kwa fundi yeyote wa Ifakara na muuzaji hawezi kuonyesha hata adapta ya akiba. Mara nyingi cha kwanza ndicho kitakachotumika kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kipuri chake kitatafutwa na kupatikana.

MAADUI WA KINANDA KATIKA BONDE

Bonde la Kilombero ni nyanda oevu kubwa, na mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Hali inayoufaa mpunga haiifai elektroniki.

Joto. Kapasita za elektroliti zina kimiminika ndani yake, na kimiminika hicho hukauka polepole. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa takriban nusu. Kinanda kinachokaa chini ya bati bila dari, au kinachoachwa juani wakati wa mikutano ya hadhara, huzeeka haraka. Dalili za kapasita iliyochoka ni mngurumo katika spika, sauti hafifu, au kinanda kujizima na kujiwasha. Kapasita iko katika kundi la kwanza. Matengenezo yake hayapaswi kuwa ya gharama kubwa.

Unyevu. Wakati wa masika, unyevu huingia kwenye matundu ya waya na kwenye mipira ya mguso. Usikifunike kinanda kwa nailoni isiyopitisha hewa, kwa maana huzuia unyevu kutoka. Tumia kitambaa cha pamba, kiweke mbali na ukuta na sakafu, na kiwashe angalau mara moja kwa wiki ili joto lake dogo likaushe ndani. Wapo wanaoweka mchele ndani ya sanduku la kinanda ili ufyonze unyevu. Mchele haufyonzi unyevu wa kutosha, unga wake huingia katika vibonye, na huwaita wadudu. Vifuko vidogo vya chembechembe za kukausha, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vipya, vinafaa zaidi.

Wadudu. Mende na sisimizi hupenda mahali penye joto na giza. Uchafu wao hula njia za shaba zilizo juu ya bodi na huweza kusababisha shoti. Usiache mabaki ya chakula karibu na kinanda, wala usipulize dawa ya wadudu ndani yake.

Safari. Mitikisiko ya barabara hulegeza sehemu zilizolehemewa, hasa tundu la adapta. Kinanda kisafirishwe katika sanduku lenye sponji, na adapta isiachwe imechomekwa.

UMEME: CHANZO CHA HASARA KUBWA

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Japani hutumia volti 100, na Marekani hutumia volti 120. Kinanda kilichoundwa kwa ajili ya soko la Japani na kuingizwa nchini kama mtumba kinaweza kuungua pale kinapochomekwa ukutani kwa mara ya kwanza. Soma maelezo yaliyo nyuma ya kinanda au juu ya adapta. Yakisomeka 100–240V, hakuna tatizo la volti. Yakisomeka 100V au 120V pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaofaa, na gharama yake ihesabiwe katika bei ya kununulia.

Adapta nayo imewaponza wengi. Watu huamini kwamba adapta yoyote inayoingia kwenye tundu inafaa. Mambo matatu hayana budi kulingana. La kwanza ni volti: ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye kinanda. La pili ni ampea: zilingane au zizidi zile zinazohitajika, zisipungue. La tatu, linalosahaulika sana, ni mpangilio wa chanya na hasi. Vinanda vidogo vya Yamaha kwa kawaida huwa na chanya katikati ya plagi, wakati vinanda vingi vya zamani vya Casio vinavyotumia volti 9 vina hasi katikati. Mchoro mdogo wa duara wenye alama za + na − uliopo karibu na tundu ndio unaoonyesha mpangilio huo. Ulinganishe na mchoro ulio juu ya adapta kabla ya kuchomeka.

Umeme unapokatika, chomoa kinanda. Unaporejea, subiri dakika chache uthibitike kabla ya kukichomeka tena. Stebilaiza husaidia pale ambapo umeme hupanda na kushuka, lakini haikingi radi. Wakati wa mvua yenye radi, chomoa waya zote, pamoja na zile zinazokwenda kwenye amplifaya.

KUMBUKUMBU ZA KINANDA: BETRI NA DISKETI

Vinanda vingi vya zamani vina betri ndogo ya ndani inayohifadhi sauti na midundo uliyoipanga. Sinthesaiza mashuhuri ya Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983, ni mojawapo. Betri yake imelehemewa kwenye bodi. Betri hiyo ikiisha, chombo hakijafa: kimesahau tu. Kabla fundi hajaibadilisha, mwambie ahifadhi kwanza kumbukumbu zilizomo iwapo kinanda kina njia ya kufanya hivyo, kwa kuwa betri ikishatolewa hupotea.

Betri za kuchajiwa zilizotumika katika baadhi ya vyombo vya mapema ni hatari zaidi, kwani zikizeeka huvuja majimaji yanayokula bodi. Korg Polysix ya mwaka 1981 inafahamika sana kwa mafundi kwa tatizo hilo. Ukinunua chombo cha umri huo, kifunguliwe na kukaguliwa kabla ya malipo.

Vinanda vya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilihifadhi nyimbo katika disketi. Kampuni ya Sony, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa wa disketi, ilisitisha mauzo yake nchini Japani mwaka 2011. Kwa baadhi ya modeli kipo kifaa kinachochukua nafasi ya mashine ya disketi na kutumia flashi. Uliza kama kinapatikana kwa modeli unayoitaka, na usilipe bei ya juu kwa sababu ya disketi zilizojaa nyimbo ambazo huenda hazisomeki tena.

KABLA YA KUNUNUA: UKAGUZI WA NUSU SAA

Mwende wawili, mmoja akiwa mpiga kinanda, na mkague mambo yafuatayo:

1. Piga kila kibonye, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu ndogo kisha kwa nguvu kubwa. Kibonye kinacholia kwa kishindo hata kinapoguswa taratibu, au kinachonyamaza mara kwa mara, kina mguso mchafu au uliolika.
2. Kiache kimewashwa kwa dakika thelathini. Baadhi ya hitilafu hujitokeza kinanda kikishapata joto.
3. Tikisa taratibu plagi ya adapta na ya hedifoni. Sauti ikikatika, tundu limelegea.
4. Zungusha kitufe cha sauti. Mkwaruzo huashiria vumbi au uchakavu.
5. Soma kioo chote. Mistari iliyokosekana ni dalili ya waya bapa kuachia, na matengenezo yake si rahisi.
6. Jaribu matundu ya MIDI au USB kama yapo.
7. Angalia skrubu za chini. Zilizokwaruzwa huonyesha kwamba kimeshafunguliwa. Uliza kilitengenezwa nini.
8. Nakili jina kamili la modeli na namba yake, kisha mpigie simu fundi unayemwamini kabla ya kulipa. Muulize maswali mawili: umewahi kuitengeneza modeli hii? Vipuri vyake unavipata wapi?

Jambo la sita lina faida isiyofahamika kwa wengi. MIDI ni kiwango cha kuunganisha vyombo vya muziki kilichoanza kutumika mwaka 1983, na hadi leo kinatumika. Kinanda ambacho chipu yake ya sauti imekufa lakini vibonye na MIDI bado ni vizima kinaweza kuunganishwa na kompyuta au simu yenye programu ya muziki, na sauti ikatoka huko. Usikubali kukiuza kama chuma chakavu kabla hujalijaribu hilo.

UNAPOMPELEKEA FUNDI

Tatizo linaloletwa zaidi kwa mafundi ni la vibonye visivyolia. Mara nyingi dawa yake ni kusafisha mipira ya mguso na bodi iliyo chini yake kwa kitambaa laini na spiriti safi ya kusafishia elektroniki. Mipira hiyo isioshwe kwa petroli wala tina, na nukta zake nyeusi zisikwanguliwe kwa msasa au wembe, kwa sababu weusi huo ni kaboni inayopitisha umeme, ukiondoka, haurudi. Kupaka ncha ya penseli ni tiba ya siku chache tu.

Kabla ya kuacha kinanda kwa fundi, kubalianeni kwa maandishi mambo haya: hitilafu iliyoelezwa, gharama ya kukagua, makadirio ya matengenezo, kwamba hatazidisha makadirio bila idhini yako, na kwamba vipuri vilivyotolewa utarudishiwa. Piga picha za kinanda na namba yake. Fundi mwaminifu hanung'uniki kwa hayo, kwani maandishi yanamlinda naye pia.

Kinanda kikithibitika kuwa hakitengenezeki, kisitupwe. Vibonye vyake, mipira, kioo na adapta ni akiba kwa mwenye modeli hiyo. Kwaya za parokia au usharika mmoja zikikubaliana kununua modeli moja, kila kinanda kinachokufa huwa ghala la vipuri kwa vilivyobaki.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kuuza kilichotumika kwa madai kwamba ni kipya, kutaja ubora au modeli isiyo ya kweli, au kudanganya kuhusu upatikanaji wa vipuri na huduma ya matengenezo, ni mwenendo unaokatazwa. Muuzaji akikuambia kwamba vipuri vipo tele, mwombe aandike maneno hayo kwenye risiti.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ambayo huwamo katika mkataba hata kama hayakutajwa. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ikinunuliwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, inapaswa kuwa na ubora unaokubalika kibiashara. Hata hivyo, mlaji azingatie mipaka miwili. Kwanza, ukiikagua bidhaa, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuidhihirisha. Ndiyo maana ukaguzi wa haraka haraka ni hatari. Pili, ukinunua kwa mtu binafsi au kwa kwaya nyingine ambayo si mfanyabiashara wa vinanda, kinga ya ubora hupungua, na maelezo yaliyoandikwa huwa na thamani zaidi.

Dai risiti ya EFD kwa kila ununuzi wa dukani. Risiti iandikwe jina la modeli, namba ya kinanda, hali yake na muda wa dhamana. Neno kinanda peke yake halitakusaidia unapolalamika.

UKIPATA TATIZO

Hatua ya kwanza, acha kukitumia kinanda na usimruhusu fundi mwingine kukifungua kabla muuzaji hajaarifiwa, ili asije akadai kwamba kimeharibiwa baada ya mauzo.

Hatua ya pili, mwandikie muuzaji. Eleza tarehe ya ununuzi, kasoro, na unachokitaka: kitengenezwe, kibadilishwe au fedha zirudishwe. Ambatisha nakala ya risiti na ubaki na halisi.

Hatua ya tatu, asipokujibu au akikataa bila sababu ya msingi, wasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayojulikana kwa kifupi kama FCC. Afisa Biashara wa halmashauri yako anaweza kukuelekeza. Kama unashuku kwamba bidhaa ni bandia, itunze pamoja na kifungashio chake, kwa kuwa hivyo ni vielelezo.

Hatua ya nne inahusu umeme. Kinanda kikiungua kwa hitilafu ya umeme, andika tarehe na saa, ulizia majirani kama vifaa vyao viliathirika, na pata maelezo ya fundi kwa maandishi. Lalamiko huanzia TANESCO. Lisipotatuliwa, lipeleke kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA.

KUMBUKA

Kwanza, uliza habari za vipuri kabla ya kuuliza bei. Pili, linganisha volti, ampea na mpangilio wa chanya na hasi. Tatu, kagua kwa nusu saa, mkiwa wawili. Nne, kila ahadi iandikwe. Tano, kinanda kilichokufa kitunzwe kwa ajili ya kilicho hai.

Kikundi kinachotuma mtu kununua kinanda kimpe nakala ya makala haya pamoja na fedha. Akirudi, kikundi kipokee kinanda, risiti yenye maelezo kamili, na jina la fundi aliyekubali kukihudumia. Vitu hivyo vitatu vihifadhiwe na katibu mahali pamoja, kwa kuwa siku kinanda kitakaponyamaza, vyote vitahitajika kwa wakati mmoja.